Mtoto Hujifunza kwa Mikono: Michezo Tunayoweza Kutengeneza Wenyewe



Ikiwa unaishi Githurai, Kihunguro, Makongeni au Kiandutu, unajua vile asubuhi huanza. Kabla jua kutoka, mama amemfunga mtoto mgongoni na kumpeleka kwa jirani anayelea watoto, ndipo akimbilie kazi: kuchuma kahawa, kibarua cha mananasi, kiwandani, au kwenye meza yake ya mboga sokoni. Jioni akirudi huuliza swali moja tu: "Leo amesumbua?" Jirani hujibu, "Hapana, leo ametulia kabisa. Amekaa pale pale." Mama hushukuru, analipa pesa ya siku na kwenda zake.

Katika makala haya tunataka kuuliza swali lingine. Huyo mtoto aliyekaa pale pale kutwa, alishika nini? Alisikia nini, alinusa nini? Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hana kitabu. Kitabu chake ni vitu anavyogusa, na siku akikosa cha kugusa, siku hiyo hakusoma.

Jambo la kutia moyo ni kwamba vitu hivyo havihitaji pesa nyingi. Vingi viko jikoni, shambani, kando ya mto na kwa fundi wa nguo. Kinachotakiwa ni alasiri moja ya kikundi, na mtu mzima wa kumwangalia mtoto anapocheza.

KUNA KUTULIA KWA AINA MBILI

Mtoto akizaliwa ubongo wake bado ni mdogo. Akifika miaka mitatu, umefika karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Hakuna wakati mwingine wa maisha ambapo ubongo hukua kwa kasi namna hii. Unajengwa kwa chakula, kwa usingizi, kwa upendo wa wanaomlea, na kwa habari zinazoletwa na macho, masikio, pua, ulimi na ngozi.

Mtoto akifinya udongo, vidole vyake vinapata nguvu ambayo baadaye itashika penseli. Akimwaga maji kutoka kikombe kikubwa hadi kidogo, yakafurika, hiyo ni hesabu yake ya kwanza. Na ukimwambia, "Hii ni laini, ile inakwaruza," umempa maneno mawili mapya. Mwambie kwa lugha mnayoongea nyumbani. Hakuna haja ya kungoja ajue Kiingereza.

Mwaka wa 1907 daktari mmoja wa Italia, mama aliyeitwa Maria Montessori, alikabidhiwa watoto wa San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Wazazi wao walishinda kazini kama sisi, na watoto walibaki kwenye majumba wakizurura na kuharibu kuta. Yeye aliwapa vitu vya kushika: vitambaa laini na vya kukwaruza, vipande vya mbao vya ukubwa tofauti, vitu vya kupanga na kumwaga. Watoto wale walitulia. Lakini walitulia kwa sababu walikuwa na kazi. Mtoto anayekaa kimya huku anapanga vifuniko kwenye mkebe, na mtoto anayekaa kimya huku anatazama ukuta, ukiwa mbali huwezi kuwatofautisha. Wa kwanza anajifunza. Wa pili amechoka kungoja.

Hapa Kenya pia jambo hili si geni. Mwaka wa 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo siku hizi inaitwa KICD, ilianza mradi wa elimu ya chekechea ikisaidiwa na shirika la Bernard van Leer Foundation la Uholanzi. Mwaka wa 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE. Walimu na wazazi walihimizwa watengeneze vifaa vya kuchezea kwa kutumia vitu vya hapa hapa kwetu. Na hata kabla ya hayo, nyanya zetu walitengeneza watoto wa bandia kwa magunzi ya mahindi, mipira kwa majani makavu ya migomba, na vyungu vidogo vya udongo.

Kilichobadilika ni nafasi. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, nyumba za kupangisha zimejengwa kila mahali, na mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka kuwa majumba. Mtoto aliyekuwa akicheza chini ya mti sasa yuko kwenye chumba kimoja pamoja na jiko na kitanda. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, lakini kule mtoto huingia akiwa na miaka minne hivi. Miaka ya kabla ya hapo iko mikononi mwetu.

"LAKINI CHAKULA SI MCHEZO"

Ukisema watoto wachezee unga, kuna wazee watakaokukataza, na wana haki. Unga ni ghali, na mtoto aliyelala njaa hawezi kuona unga ukifinyangwa kisha ukatupwa. Kwa hivyo michezo mingi tunayoeleza hapa haitumii chakula. Ule mmoja wa unga ni wa kugawana watoto wengi.

Wengine husema, "Basi tutumie yale mahindi yaliyoharibika." Hapana! Kuvu ya mahindi hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo ilileta maafa makubwa Makueni na Kitui. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikufa. Wachunguzi walipopima mahindi ya sokoni katika wilaya nne, Thika ilikuwa mojawapo. Mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Nafaka ambayo huwezi kumpikia, usimpe achezee.

MICHEZO SITA YA KUTENGENEZA

1. Mkeka wa viraka (kuanzia miezi sita)

Omba mabaki kwa fundi wa nguo, au tumia mitumba iliyochakaa. Tafuta vitambaa visivyofanana: pamba laini, sweta, jinzi, kipande cha gunia safi, kitambaa cha kuteleza. Kata viraka vya ukubwa wa sahani na uvishonee kwenye blanketi kuukuu. Shona kwa nguvu, na usitie vifungo wala shanga. Mtoto anayetambaa atasimama juu ya kila kiraka na kukipapasa. Mkeka huu unafuliwa kama nguo.

2. Beseni la maji (kuanzia mwaka mmoja, akiwa ameketi vizuri)

Weka maji safi ya vuguvugu kwenye beseni, kina cha vidole vitatu tu. Tia vikombe viwili vya plastiki, chujio la chai na kijiko cha mbao. Toboa matundu chini ya mkebe wa plastiki uwe wa kunyunyiza. Mwache amwage na kuteka. Ikiwa maji ni ya kununua, hayo hayo yatafulia nguo au kumwagilia sukuma wiki baadaye.

3. Udongo wa kufinyanga (kuanzia mwaka mmoja na nusu)

Chimba udongo wa mfinyanzi mahali safi, mbali na choo, mtaro wa maji machafu, na mahali panaponyunyiziwa dawa ya mimea. Ondoa ule wa juu wenye mizizi. Loweka usiku kucha kwenye ndoo, uukoroge, uuchuje kwa kitambaa chenye matundu makubwa, kisha uache utuame. Mwaga maji ya juu na utandaze udongo kwenye gunia mpaka usishike vidole. Kuupima, viringisha kipande kama kidole na ukikunje. Kikipasuka sana, mchanga umezidi. Uweke kwenye mkebe wenye kifuniko ukiwa umefunikwa kitambaa kibichi.

Kama udongo mzuri haupatikani, pika wa unga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vikombe viwili vya maji, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia na viwili vya maji ya limau. Koroga kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka ujikusanye kama ugali, epua, uache upoe, kisha ukande. Kupata rangi, tumia maji ya bitiruti au manjano ya kupikia. Kwa sababu ya chumvi unakaa wiki kadhaa ukifunikwa vizuri. Lakini chumvi hiyo ni nyingi mno kuliwa, kwa hivyo usimpe mtoto ambaye bado anakula kila anachoshika.

4. Chupa za sauti (kuanzia mwaka mmoja)

Chukua chupa sita ndogo za soda au maji, zioshe na kuzikausha. Mbili zitie mchanga, mbili kokoto, mbili maji yenye rangi na mafuta kidogo. Zijaze theluthi moja tu. Paka gundi kwenye kifuniko, ukaze, kisha uzungushie kitambaa na kukishona. Mtoto mdogo atatikisa na kucheka. Wa miaka mitatu mfunike macho, umwambie atafute chupa mbili za mchanga kwa kusikiliza tu.

5. Mfuko wa siri (kuanzia miaka mitatu)

Shona mfuko wa kitambaa kizito, au tumia kiondo kilichofunikwa leso. Ndani weka vitu vya nyumbani ambavyo mtoto anavijua: gunzi la mahindi, kijiko cha mbao, jiwe laini la mtoni, kibuyu kidogo, soksi, kitana. Mtoto anatia mkono bila kuchungulia, anashika kimoja na kusema ni nini. Akikosea usimcheke. Muulize, "Ni kigumu au laini? Ni kirefu au mviringo?" Mchezo huu hufundisha maneno mengi kuliko kukariri.

6. Vifuko vya harufu (kuanzia miaka miwili)

Katika vifuko vidogo vya kitambaa, funga maganda makavu ya limau, majani ya chai, kahawa iliyosagwa, tangawizi, majani ya rosmari. Shona mdomo wa kifuko ili kisifunguke. Watoto wengi wa Ruiru wamekua kando ya mikahawa bila kujua kahawa hunukia vipi! Usitumie pilipili, sabuni ya unga wala mafuta ya taa.

Akina baba wasibaki nje. Kwa seremala kuna vipande vya mbao vinavyotupwa. Chagua visivyopakwa rangi wala dawa, vipige msasa mpaka visiwe na vibanzi, na mtoto amepata matofali ya kujengea.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Mchezo usio na mtu mzima karibu unaweza kuleta kilio. Tafadhali msome sehemu hii kwa sauti katika mkutano.

Vitu vidogo. Maharagwe, njugu, shanga, vifungo na kokoto huziba koo. Kitu kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya choo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kagua chupa za sauti kila wiki kama vifuniko bado vimeshika. Betri ndogo za mviringo, zile za saa na vifaa vya kuchezea, ni hatari zaidi. Mtoto akimeza, huunguza koo ndani kwa saa chache. Mkimbize hospitalini hata kama halii.

Maji. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vichache. Usimwache hata ukaitikie hodi. Mchezo ukiisha, mwaga beseni mara moja.

Mikebe ya dawa. Chombo kilichokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa, mboga au ng'ombe kisitumike kamwe, hata ukikiosha mara kumi.

Mbegu zenye sumu. Mbarika huota kila kando ya njia na mbegu zake zinapendeza, lakini zina sumu kali. Vivyo hivyo zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo wengine hutungia shanga.

Minyoo na funza. Mchanga wa kuchezea uoshwe, uanikwe juani, na ufunikwe usiku ili paka na mbwa wasijisaidie humo. Funza hupenda vumbi kavu, kwa hivyo nyunyizia sakafu ya udongo maji kabla ya kufagia, na mtoto avae viatu. Mchezo ukiisha, mikono ioshwe kwa sabuni.

Je, mtoto akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa? Kama hajafika mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, na umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze na umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia. Aliyepita mwaka mmoja, mwinamishe umpige mgongoni mara tano. Kisipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na uvute ndani na juu mara tano. Rudia. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Mwenzako atafute gari la kwenda hospitalini wakati wewe unaendelea.

MCHEZO HUONYESHA KILICHOJIFICHA

Kuna faida nyingine ambayo wengi hatuifikirii. Mtoto anayekaa tu hakuna anayejua kama anaona au anasikia vizuri. Anapocheza ndipo mambo hujitokeza. Zingatieni haya:

- Mtoto wa miezi mitatu hafuati uso wa mama kwa macho.
- Mtoto wa miezi sita hageuki akisikia chupa ya sauti ikitikiswa nyuma yake.
- Hajafika mwaka mmoja, na kila mara hutumia mkono mmoja tu, mwingine ameukunja ngumi.
- Mboni ya jicho inaonekana nyeupe. Hili lisingoje hata wiki. Linaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ambayo hutibika ikigunduliwa mapema.

Ukiona mojawapo, mpeleke zahanati au Hospitali ya Thika Level 5 akapimwe. Usimfiche mtoto, na usikubali kuambiwa ati ni laana. Hapa Thika tuna shule ya watoto wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, na tuna Joytown ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Wapo watu wazima wengi wenye kazi na familia waliojifunza kusoma kwa vidole.

Maandishi hayo ya vidole yalibuniwa na Louis Braille wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka wa 1809, baba yake akiwa fundi wa ngozi. Akiwa na miaka mitatu alichezea chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Ugonjwa ulienea mpaka macho yote mawili yakapofuka. Lakini alipofika miaka 15, mwaka wa 1824, alikuwa ametengeneza alfabeti ya nukta ambayo watu wasioona husomea hadi leo. Kisa chake kinatufundisha mambo mawili: vyombo vyenye ncha viwekwe juu, na vidole vya mtoto vinaweza mengi kuliko tunavyodhani.

KIKUNDI KINAWEZA KUANZA HIVI

Katika mkutano mmoja, gawaneni kazi. Wawili waombe mabaki ya vitambaa, wawili wakusanye chupa, wawili walete udongo, mmoja aende kwa seremala. Mkutano unaofuata, tengenezeni vyote pamoja mkiendelea na mazungumzo yenu ya kawaida. Panga vifaa katika masanduku ya katoni, kila sanduku na mchezo wake, na orodha ya vilivyomo.

Kisha fanyeni kama mzunguko wa pesa. Sanduku moja likae kwa kila nyumba wiki moja, halafu lihamie kwa jirani. Mtoto huchoka na kitu kile kile, lakini kikirudi baada ya wiki kadhaa ni kipya kwake. Mweka hazina ahesabu vitu, na anayerudisha sanduku alirudishe likiwa safi.

Sanduku la kwanza lipelekwe kwa yule jirani anayelea watoto wetu. Analea wengi peke yake, tena kwa pesa kidogo. Tusimwendee na lawama, tumwendee na vifaa na mkono wa kusaidia. Hata robo saa asubuhi na robo saa jioni itamfaa mtoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Watoto wa wanachama wetu hushinda wapi mchana, na huko wana nini cha kushika?
2. Sisi tulichezea nini tukiwa wadogo? Ni kipi kati ya hivyo tunaweza kutengeneza tena?
3. Ni hatari gani tunazoziona katika plotí zetu: mitaro, majiko, mikebe ya dawa, nyaya za stima?
4. Je, kuna mtoto kijijini ambaye hatumwoni akicheza na wenzake? Nani atamtembelea?

Na jioni ya leo, ukienda kumchukua mtoto, usiulize tu kama amesumbua. Uliza, "Leo alishika nini?"